Fimbo Haikumwamsha Mtoto

Somo: 2 Wafalme 4:18–37



Mwanamke Mshunami amefiwa. Mwanawe wa pekee, aliyepewa kwa ahadi ya nabii, alilalamika kichwa huko kondeni, kwa wavunaji. Akaletwa nyumbani, akapakatwa na mama yake mpaka adhuhuri, akafia magotini pake. Mama yule hakuangua kilio. Alimlaza mtoto juu ya kitanda cha nabii, akafunga mlango, akaagiza punda atandikwe, akashika njia mpaka mlima Karmeli. Alipomfikia nabii huyo, Elisha, alimshika miguu.

Elisha alifanya ambalo wengi wetu tungelifanya. Alimwita mtumishi wake Gehazi, akampa fimbo yake, akamwambia akimbie, asisimame kusalimiana na mtu njiani, na akifika aiweke fimbo juu ya uso wa mtoto. Tusiidharau fimbo ile. Ilikuwa ya nabii, imezoea kiganja cha nabii, imetumwa kwa nia safi. Gehazi naye hakuzembea: alikimbia, alifika, aliiweka pale pale alipoagizwa. Kimya. Hapana sauti, hapana pumzi. Akarudi kumpokea bwana wake njiani na habari moja tu: mtoto hakuamka.

Mama alikuwa amekwisha kulijua hilo. Fimbo ilipokuwa inatolewa, yeye aliapa mbele ya nabii kwamba hatamwacha. Ni kana kwamba alisema: fimbo nimeiona, lakini wewe mwenyewe ndiye niliyekufuata. Elisha akainuka, akamfuata. Akaingia chumbani, akafunga mlango, akaomba. Kisha akajilaza juu ya maiti ya mtoto: kinywa juu ya kinywa, macho juu ya macho, viganja juu ya viganja, mpaka nyama ya mtoto ikaanza kupata joto. Akatoka, akatembea nyumbani huku na huku, akapanda tena kitandani. Mtoto akapiga chafya mara saba, akafumbua macho.

Wapendwa, leo fimbo iko mfukoni mwa kila mmoja wetu. Ina kioo, ina chaji, ina bando la wiki. Habari ya ugonjwa ikiingia kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, tunazituma fimbo mbio kumshinda Gehazi. Viganja viwili vilivyokutana. "Pole mama." "Mungu ni mwema." "Tuko pamoja katika maombi." Ikifika jioni kila mtu amejibu, na kila mtu amelala na dhamiri nyepesi. Mgonjwa yuko vile vile alivyokuwa asubuhi, mlango umerudishwa, na hakuna aliyepiga hodi.

Tuko pamoja wapi?

Twende tukaone. Panda nami ngazi za ghorofa za Michenzani, hapa Unguja, zile ndefu zilizojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Huko juu yupo mjane, mwana wa kanisa tangu ubatizo wake, mwenye presha na mguu uliovimba. Simu yake iko juu ya mto, kioo kimepasuka pembeni. Mtoto wa jicho umemfika, hasomi tena maandishi madogo, kwa hiyo faraja zetu zote zimejaa humo ndani bila kufunguliwa. Juu ya kigoda ipo chupa ya uji, kifuniko chake kimefungwa kwa kitambaa ili usipoe. Nani kauleta? Kauleta mama wa Kiislamu wa mlango wa pili. Aliamka kuswali alfajiri, akasikia kikohozi kupitia ukutani. Hayumo katika kundi letu. Hana habari kwamba tunaomba. Alisikia kikohozi, akachemsha uji.

Mjane huyu simtaji jina, maana yumo katika kila mtaa wetu, na kila padri na kila katekista anayesoma maneno haya anamfahamu wake. Bwana aliuliza zamani ni yupi aliyekuwa jirani yake yule aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi. Kuhani alipita. Mlawi alipita. Siku hizi wangepita wakiandika "pole".

Nusu si nzima

Wazee wetu walipoandika barua, kutoka Unguja kwenda Bara, kutoka Lamu kwenda Maskati, walikuwa na usemi: barua ni nusu ya kuonana. Walikuwa wakweli. Hawakuitukana barua, wala hawakuikweza kupita kadiri yake. Walijua nusu nyingine ingali inadaiwa, na deni hilo hulipwa kwa miguu. Sisi tumepewa nusu iendayo kasi kuliko umeme wa radi, tukasahau kwamba ni nusu.

Mitume hawakusahau. Yohana Mzee, katika waraka wake wa pili na tena katika ule wa tatu, anasema anayo mengi, ila hataki kuyamaliza kwa wino. Anatumaini kuja, waseme uso kwa uso, ndipo furaha itimie. Paulo anawaandikia Warumi waraka mrefu wenye kina kuliko nyaraka zake zote, na mwanzoni kabisa anakiri kwamba anatamani sana kuwaona, ili wafarijiane, yeye kwa imani yao na wao kwa yake. Na mwisho wa safari, yuko kifungoni, anamsihi Timotheo afanye bidii kufika kabla ya wakati wa baridi, amletee na joho aliloliacha Troa kwa Karpo. Mtu ambaye nyaraka zake zinasomwa duniani kote hakutaka, katika saa yake ya mwisho, kuandikiwa waraka. Alitaka mtu, na joho la kujifunika.

Tuseme nini juu ya Mungu mwenyewe? Alituma manabii. Alituma mbao za mawe, alituma ndoto, alituma malaika. Hakuishia hapo. Alikuja. Alizaliwa na mwanamke, akasikia njaa, akachoka kisimani Samaria, akalia makaburini Bethania. Angeweza kumponya mwenye ukoma kwa neno, akiwa amesimama mbali kama sheria ilivyotaka. Alinyoosha mkono akamgusa. Fikiri mtu yule alikuwa hajaguswa muda gani! Ngozi iliponywa, lakini hata kabla ya ngozi kupona alikwisha kurudishiwa utu wake kwa kiganja kile. Tomaso alipokuwa na mashaka, Bwana hakumpelekea maelezo. Alimletea ubavu.

Imani yetu ni imani ya mwili. Anayetaka Ukristo usio na mwili, na atafute dini nyingine.

Mkunazini panatushuhudia

Sisi wa Unguja hasa hatuna udhuru, kwa sababu kanisa letu limesimama juu ya watu waliokuja.

Mwezi wa Desemba mwaka 1857 David Livingstone alisimama Cambridge akawaeleza wasomi habari za biashara ya watumwa katika Afrika. Walimshangilia sana. Lau wangeishia kushangilia, leo tusingekuwa na la kusimulia. Lakini walitokea waliofunga safari, wakaunda ile misheni ya vyuo vikuu, UMCA. Askofu wao wa kwanza, Mackenzie, alifariki kwa homa kandokando ya mto Shire mwaka 1862. Mwaka 1864 Askofu Tozer na Edward Steere wakahamia Unguja. Sultani Majid akamkabidhi Tozer wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Hapo ndipo kanisa hili lilipoanzia: watoto watano waliong'olewa kwao, na watu wazima waliolazimika kuwalisha, kuwaogesha, na kuamka usiku watoto walipolia. Mmoja wao, John Swedi, alifanywa shemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, aliyepitia utumwa naye, alipewa upadri mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza katika misheni hiyo.

Steere hakujifunza Kiswahili kwa posta. Aliketi na watu wa mji huu akawasikiliza, na hadithi za Kiswahili alizozichapisha mwaka 1870 alizipokea vinywani mwao. Soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873, kwa mkataba uliotiwa saini na Sultani Barghash, jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Kristo liliwekwa mahali pale pale, Mkunazini, Sikukuu ya Noeli ya mwaka huo huo. Noeli ya 1877 ibada ikasomwa ndani yake. Steere alisimamia ujenzi mwenyewe, mpaka paa lile la matumbawe na saruji ambalo wengi walidhani litaanguka. Alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya altare. Mbweni, kwenye shamba lililonunuliwa kwa ajili ya walioachwa huru, Caroline Thackeray alikuja mwaka 1877 kufundisha wasichana, akaishi huko mpaka alipofariki mwaka 1926. Watu hawa walikuwa na kasoro zao, na kiburi cha Wazungu wa zama zile kiliwagusa. Sitaki tuwapake dhahabu. Lakini hili moja huwezi kuwanyima: walikuja, wakakaa, na wengine wakafia hapa.

Ukiingia uwanja ule wa Mkunazini leo utaona sanamu ndani ya shimo, watu waliofungwa minyororo shingoni, kazi ya Clara Sörnäs. Wageni huinama, hupiga picha, huondoka. Simama kidogo zaidi. Hapo palikuwa na soko ambapo mtu aliangaliwa meno na misuli, akatajiwa bei. Hapakuwa na haja ya kumjua jina. Kisha pakasimikwa altare, na mapokeo yanasema imesimama penye mti wa kuchapia watumwa, ambako mtu huyo huyo anaitwa kwa jina lake la ubatizo, anawekewa Mwili wa Kristo katika kiganja chake. Sisemi simu ni mnyororo. Kusema hivyo ni kuwakosea heshima waliofungwa. Nasema kwamba kanisa lililojengwa mahali ambapo watu walihesabiwa vichwa lisije likarudi kuhesabu vichwa: waliotazama wangapi, waliopenda wangapi, wafuasi wangapi. Mchungaji mwema hafahamiki kwa wingi wa wafuasi. Anafahamika kwa kuwajua kondoo wake, na wao kumjua.

Mkumbukeni pia Frank Weston, Askofu wa Zanzibar tangu 1908 mpaka alipofariki 1924. Katika Vita Kuu ya kwanza, wapagazi walipohitajika upande wa Bara, aliwaongoza wapagazi wa Unguja akatembea nao mwenyewe. Na mwaka 1923, mbele ya mkutano mkubwa wa Waanglikana mjini London, aliwaambia waziwazi kwamba hawana haki ya kudai wanamwabudu Yesu katika Sakramenti huku wakimpita Yesu katika vitongoji vya maskini. Maneno hayo yalitoka kwa askofu wetu! Leo yangetufikia hivi: huwezi kumpigia magoti Yesu altareni Jumapili, kisha Jumatatu ukampelekea Yesu anayeumwa picha ya mshumaa.

Shule ya majirani

Wakristo visiwani ni wachache. Tumezungukwa na ndugu Waislamu, na katika jambo hili wao ni walimu wetu, wala si aibu kukiri.

Tembea Mji Mkongwe jioni, Malindi, Kiponda, Hurumzi, uishie Jozi Kona. Mbele ya nyumba nyingi za kale ipo baraza ya mawe, imejengwa pamoja na ukuta, kwa ajili ya kuketi na watu tu. Aliyejenga nyumba ya namna hiyo alikwishaamua, kabla hajakaa ndani, kwamba atakuwa na mgeni. Muuza kahawa anapita na dele lake la shaba, anaviliza vikombe, watu wanasogezana. Kahawa chungu, kashata, habari za mji. Asiyeonekana siku mbili anaulizwa. Asiyeonekana siku ya tatu anafuatwa.

Na ukitokea msiba! Kabla jua halijageuka mikeka imetandikwa, viti vimekopwa, wanawake wako ndani na wafiwa, sufuria ziko jikoni kwa jirani ili jiko la wafiwa lisiwashwe. Jeneza likitoka, wanaume wanapokezana, hata mpita njia anaacha alilokuwa akilifanya, anatia bega hatua chache, anampisha mwingine. Jeneza halibebwi kwa simu. Mwezi Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipozama ikielekea Pemba, wavuvi wa Nungwi waliingiza vyombo vyao baharini kuokota watu. Hakuna aliyeuliza anayeelea ni wa dini gani.

Wenye umri wa kukumbuka wanaukumbuka pia ule muda wa kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa umeme unaopita chini ya bahari kutoka Bara ulipoharibika na Unguja nzima ikakaa gizani. Pampu za maji zilisimama. Ndoo zikarudi vichwani, visima vya zamani vikafunuliwa, mwenye jenereta akawa mtu wa kila mtu. Hatukuokolewa na waya. Tuliokolewa na jirani mwenye kisima. Nayo mawasiliano yetu ya leo, wapendwa, yanategemea nyaya za namna hiyo na minara. Siku yakikatika, utabaki na wale tu unaoijua njia ya kwenda kwao.

Tusitafute wa kumsingizia

Mwaka 2020, wakati wa korona, Kenya walifunga makanisa, Uganda wakafunga. Wakristo wao walilia nje ya milango iliyofungwa, wakaabudu kupitia vioo kwa sababu ya lazima. Tanzania serikali haikuzifunga nyumba za ibada. Kwa hiyo sisi tuliohama kanisani tukahamia kwenye kioo hatukufukuzwa na mtu. Tulihama kwa hiari yetu, kwa uvivu wetu, kwa kuona kwamba mahubiri ya mubashara ukiwa umejinyoosha na chai mkononi ni ibada pia.

Tarehe 17 Februari 2013, Jumapili asubuhi, Padri Evarist Mushi wa Kanisa Katoliki alipigwa risasi hapa Unguja akiwasili kanisani kuadhimisha Misa. Alikufa. Kama kufika kwa waumini wake kulimgharimu mwenzetu uhai, sisi ambao kunatugharimu nauli ya daladala tutamjibu Bwana nini?

Yapo ambayo hayapiti kwenye intaneti, hata mtandao uwe na kasi namna gani. Maji ya ubatizo hayapiti. Mkate na divai havipiti. Mafuta ambayo Yakobo anaagiza wazee wa kanisa wampake mgonjwa hayapiti. Mikono ya askofu juu ya kichwa cha mtoto wa kipaimara haipiti. Bwana angeweza kutuachia maneno peke yake, kwa kuwa maneno husafiri kwa urahisi. Makusudi kabisa alituachia vitu visivyosafiri bila mtu wa kuvibeba.

Yupo kijana anayeniambia, "Mimi nina mtumishi wangu, namfuatilia mtandaoni kila usiku." Mwanangu, nakuuliza swali moja. Huyo mtumishi anakujua? Umemtumia sadaka kwa simu, amelijua jina lako? Mama yako akifa leo atakuja kukaa mkekani? Nabii wa mtandaoni hatakuzika. Atakayekuzika ni yule padri unayemwona hana mvuto, anayekohoa katikati ya mahubiri, na wale wazee wa mtaa wanaokuudhi kwa maswali. Hao ndio Mungu aliokupa. Na kule kukuudhi kwao ni sehemu ya zawadi, maana mtu wa kwenye kioo ukimchoka unamzima, lakini ndugu aliyeketi benchi moja nawe inakubidi umvumilie, na katika kuvumilia huko ndimo upendo unamofundishwa.

Tena tazameni ugomvi wetu. Bwana aliagiza katika Mathayo 18 kwamba ndugu akikukosea, uende ukaseme naye, wewe na yeye peke yenu. Uende! Sisi tunaanzia alipomalizia: tunamweleza kosa lake mbele ya kundi zima, saa nne usiku, kwa herufi kubwa. Mwimbaji anajitoa kwaya kwa kubonyeza kitufe. Akina mama wa kanisa wanaacha kusalimiana kwa sababu ya ujumbe wa sauti uliosambazwa. Maneno ambayo mtu asingethubutu kuyatamka akimwona mwenziwe machoni, anayaandika bila mkono kutetemeka. Macho ya ndugu yako ni breki aliyokuwekea Mungu. Ukiyakwepa, umeiondoa.

Gehazi atangulie, Elisha afuate

Sasa atasimama mtu aseme, "Mhubiri anachukia maendeleo." La hasha. Elisha hakuivunja fimbo. Paulo hakuacha kuandika. Steere mwenyewe alitumia mtambo wa kupigia chapa hapa Unguja, na kurasa zake zikafika ambako miguu yake haikufika. Namfikiria kijana wa kazi za hoteli kule Kiwengwa au Paje, katoka Mbeya au Moshi, zamu yake inaangukia kila Jumapili. Namfikiria dada aliye Maskati, kazi za ndani, ruhusa ya kutoka hana, anasikiliza somo la siku kwa simu chini ya shuka ili bosi asimsikie. Kwa hao ujumbe wa simu ni neema, na Mungu anaupokea. Nani atawahukumu?

Lakini lawama inarudi kwetu. Kijana wa hoteli yuko kisiwa hiki hiki! Kutoka mjini mpaka pwani ya mashariki si safari ya siku mbili. Kama yeye hawezi kuja Jumapili, sisi hatuwezi kwenda Jumatano? Watu wanne walimbeba mwenye kupooza. Waliposhindwa mlangoni walitoboa dari. Sisi tumeshindwa hata kuuliza zamu yake inaisha saa ngapi. Na yule dada wa Maskati, mama yake tunaye hapa mtaani. Kama mkono wetu hauwezi kumfikia binti, unaweza kumfikia mama.

Basi simu na ifanye kazi ya Gehazi: itangulie mbio, ipeleke habari, iulize, ipange saa. Kisha Elisha na ainuke afuate. Ujumbe usioufuatia mwenyewe ni fimbo juu ya uso wa maiti.

Kwa hiyo nawaagiza, kama mtu anayewapenda.

Ninyi mapadri, mashemasi na makatekista: msimhesabu kuwa mmemtembelea mtu mliyemwandikia. Daftari la wagonjwa lirudi sakristia, na mbele ya kila jina iandikwe siku aliyofikiwa na jina la aliyekwenda.

Ninyi viongozi wa jumuiya ndogo ndogo: kutaneni majumbani, kwa zamu, hata nyumba iwe na chumba kimoja. Msiahirishe kwa sababu "tumeshasali kwenye kundi". Mwenye nyumba akitoa maji matupu, kunyweni maji kwa shukrani.

Ninyi wenye ndoa: iko nyumba ambayo mume na mke wako juu ya kitanda kimoja, kila mmoja amempa mwenziwe mgongo, anacheka na mtu aliye mbali. Zimeni. Geukianeni. Agano la ndoa halitimizwi kwa kioo.

Ninyi vijana: mnajua kuongea na watu wa mabara matano, na hamjui jina la bibi anayeketi mbele yenu kanisani. Ibada ikiisha msitoke mbio na vichwa chini. Mwamkieni. Shikamoo yake ina uzito kuliko alama zote za moyo mtakazobonyeza leo. Mwulizeni alibatizwa wapi, na nani alimsimamia. Ana mambo ambayo hayapo kwenye mtandao wowote, na hatakuwa nayo muda mrefu.

Nanyi nyote: rambirambi ya simu tumeni, maana sanda inanunuliwa kwa fedha. Lakini asiyekuwapo na lake halipo. Fedha yako ikifika bila wewe, mfiwa atakuwa na sanda, hatakuwa na bega.

Mshunami alikataa kuondoka na fimbo. Wapo wanaotushika miguu leo namna hiyo hiyo, ila kwa upole wetu wa Kiswahili hawasemi, wanajibu tu "ahsante, naendelea vizuri". Usidanganyike na jibu hilo. Unamjua ni nani. Jina lake limekujia tangu ulipokuwa unasoma habari ya ngazi za Michenzani, na umekuwa ukilisukuma pembeni. Ndiye huyo. Acha kusoma, vaa viatu, nenda ukapige hodi kwake kabla jua halijazama. Simu iache nyumbani.